Kontena Bila Orodha ya Mizigo



Ukisimama kwenye njia panda ya Mkiwa, mkoani Singida, mahali ambapo barabara itokayo Mbeya kwa njia ya Makongolosi, Rungwa na Itigi inaungana na barabara kuu ya Manyoni kwenda Singida, hutasubiri sana kabla ya kuona lori limebeba kontena. Limetoka bandarini Dar es Salaam. Limepita Morogoro, Dodoma na Manyoni. Linakwenda Singida, Nzega na Kahama, na pengine litafika Rusumo na kuvuka daraja kuingia Rwanda. Je, ndani mna nini? Muuza kuku wa njia panda hajui. Utingo hajui. Dereva anajua yale tu yaliyoandikwa kwenye karatasi zake, na mlango una lakiri. Wala kazi haisimami kwa sababu hiyo. Kontena lina urefu wa futi 20 au 40, pembe zake zina matundu yaleyale dunia nzima, na kreni haiulizi kama imenyanyua mabati au vitenge.

Kwa Kiswahili, mkiwa ni mtu aliyeachwa peke yake, hana wa kumtazama. Njia panda yetu haina ukiwa wa namna hiyo. Malori hayaiachi ipumzike. Lakini neno lenyewe lishike, maana nitalihitaji baadaye kidogo.

Leo nataka tuzungumze juu ya kontena la namna nyingine, lisilo na matairi wala lakiri ya forodha. Ni kontena la programu za kompyuta. Najua wapo watakaosema, aa, huyu leo kaishiwa maneno, atuache na alizeti zetu. Subiri kwanza, ndugu yangu. Nitaanzia hukohuko kwenye alizeti.

Tuchukue chama cha ushirika cha wakulima wa alizeti. Si chama fulani. Ni mfano tu, asije mtu akanipigia simu kesho asubuhi. Mwaka 2012 kijana mmoja aliyemaliza chuo aliwatengenezea programu ya kuhesabu mafuta yanayokamuliwa na madumu yanayojazwa. Aliiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, toleo la 2. Ikafanya kazi vizuri kwa miaka. Kijana akapata ajira mjini, akaondoka na heri zake. Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na kompyuta ya chama ikafa. Wanachama wakachangishana, wakanunua nyingine. Programu walikuwa nayo kwenye flashi. Wakaipachika. Ikagoma.

Kwa nini igome? Kompyuta mpya, flashi nzima, programu ileile! Sababu ni kwamba kompyuta mpya ilikuja na Python toleo la 3. Toleo hilo lilitoka Desemba 2008, na wenyewe waliolitengeneza walikusudia kuachana na baadhi ya mazoea ya toleo la zamani. Kwa miaka mingi matoleo yote mawili yalikwenda bega kwa bega, mpaka tarehe 1 Januari 2020, toleo la 2 lilipoachwa rasmi. Katika toleo la 2, amri ya kuonyesha maneno kwenye kioo iliandikwa bila mabano. Katika toleo la 3, bila mabano hakiendi kitu.

Basi akaitwa fundi mwingine. Akaketi siku nzima akitia mabano, huku na kule. Jioni programu ikawaka. Katibu akachekelea, mweka hazina akaagiza soda. Kumbe taabu yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Katika Python toleo la 2, ukigawa 47 kwa 5, yote yakiwa namba kamili, jibu ni 9. Sehemu iliyobaki inatupwa. Katika toleo la 3, jibu ni 9.4. Kijana wa zamani alitegemea tabia ile ya kwanza: lita 47 za mafuta, madumu ya lita 5, yanajaa madumu 9. Sasa programu inasema yamejaa madumu 9.4. Dumu 9.4 ndiyo nini? Nenda pale njia panda umwambie mama muuza mafuta akuuzie nne ya kumi ya dumu, uone atakavyokutazama.

Na hapo tumecheka kwa sababu kosa linaonekana kwa macho. Lingeingia kwenye hesabu ndefu ya malipo ya wakulima mia tatu, nani angeliona? Hakuna aliyeigusa hesabu ile hata herufi moja. Kilichobadilika ni lugha iliyo chini yake. Programu iliyoachwa na mwenye kuijua, ikahamishiwa kwenye mashine isiyoijua, hiyo ndugu msikilizaji ndiyo programu iliyobaki mkiwa. Nami nakuambia, nchini mwetu zimejaa. Zimo kwenye zahanati, kwenye shule, kwenye maduka ya dawa. Zinafanya kazi kwa sababu kompyuta ile haijafa bado.

Watu wengi hudhani programu ni kitu kimoja, kama jembe. La. Programu ni kama fundi cherehani. Ukimhamisha kijiji bila cherehani yake, uzi wake na mkasi wake, ukitumaini kwamba huko aendako atakuta vyote vya aina ileile, utamkuta ameketi barazani. Programu ya Python inahitaji Python yenyewe, na si Python yoyote bali toleo lake. Inahitaji maktaba, yaani vipande vya kazi vilivyoandikwa na watu wengine, navyo vina matoleo yake. Inahitaji mipangilio kadha wa kadha ambayo fundi aliifanya siku moja usiku na hakuiandika popote.

Kontena la programu ni kumchukua fundi huyo pamoja na cherehani yake, uzi, mkasi, kiti na hata taa yake, na kuvifunga vyote pamoja. Kile kilichofungwa mafundi hukiita imeji. Ni furushi la faili lisilobadilika. Ukiliwasha, ndipo unapata kontena lenyewe linalofanya kazi, na kutoka imeji moja unaweza kuwasha makontena kumi, kama vile muhuri mmoja unavyogonga karatasi kumi. Mashine ya chini haitakiwi kujua Python wala Java wala PHP. Inatakiwa iwe na kiini cha mfumo wa Linux na programu moja ya kuendesha makontena. Basi. Kama ilivyo kreni ya bandarini.

Jambo hili halikuanza juzi. Kontena la chuma lenyewe tunahesabu kwamba lilianza safari yake tarehe 26 Aprili 1956, pale meli iitwayo Ideal X ilipoondoka Newark, Marekani, kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Mwenye wazo hilo, Malcom McLean, hakuwa baharia. Alikuwa mwenye malori, aliyechoka kuona malori yake yakipanga foleni wakati makuli wanapakua gunia moja moja. Makuli ndio walioumia. Wale makuli wa Dar es Salaam waliogoma mwaka 1947 hata mgomo ukasambaa kufuata reli ya kati, walikuwa na nguvu kwa sababu kila mzigo ulipita mabegani mwao. Kontena halipiti begani mwa mtu.

Kwenye kompyuta, wazo la kuifungia programu chumbani mwake lilianza mwaka 1979 katika mfumo wa Unix. Mwaka 2000 mfumo wa FreeBSD ulileta vyumba imara zaidi, na waliovitengeneza wakaviita magereza. Linux ikawa na vifaa vyake kufikia mwaka 2008. Lakini vyote hivyo vilikuwa vya mafundi wa hali ya juu. Machi 2013, kijana aitwaye Solomon Hykes alisimama kwenye mkutano wa waandishi wa Python huko Santa Clara, California, akapewa dakika tano tu, akaonyesha chombo kiitwacho Docker. Kampuni yake ilikuwa ikiwaendeshea watu programu za lugha mbalimbali, na kila lugha ilikuwa na kero zake. Dakika zile tano zilibadilisha kazi ya watu wengi. Na je, neno lenyewe docker lina maana gani kwa Kiingereza cha Uingereza? Kuli wa bandarini! Chuma kilimnyima kazi, nacho chombo kikachukua jina lake.

Usidhani haya ni mambo ya California peke yake. Hapa Afrika Mashariki tunao mfano wetu, na ni mfano mkubwa. Eldoret, nchini Kenya, ndiko ulikotokea uzoefu uliozaa OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kujengwa mwaka 2004 na kuanza kutumika hukohuko Eldoret mwaka 2006, kisha Rwinkwavu, Rwanda, mwaka uleule. Umeandikwa kwa Java. Wale wa zamani wanaukumbuka usumbufu wa kuuweka: Java ya toleo hili, hifadhidata ya toleo lile, seva ya kati ya toleo jingine, na moja likikosewa, kioo cheupe. Siku hizi toleo lake la 3 linatolewa likiwa katika makontena manne: moja la hifadhidata, moja la mfumo wenyewe wa Java, moja la kurasa anazoziona muuguzi, na moja la mlangoni linalopokea maombi na kuyagawa. Faili moja la maelekezo huyawasha yote kwa mpangilio. Nao DHIS2, mfumo ambao Wizara ya Afya ya Tanzania inautumia kukusanya takwimu za zahanati na hospitali, ambao pia ni wa Java, unapatikana kwa imeji vilevile.

Sasa usije ukatoka hapo redioni ukadhani nimekuja kuuza makontena. Nimekuja pia kusema habari za matobo yake.

Ukipita Manyoni, vijijini, utaona bado tembe za Wagogo. Paa moja refu la udongo, chini yake vyumba vingi. Kila chumba na mlango wake, lakini paa ni lile lile. Makontena ya programu ndivyo yalivyo. Kila programu ina chumba chake, haioni faili za mwenzake, lakini zote zimeezekwa kiini kimoja cha Linux. Paa likivuja, wote wanalowa. Wanaokuambia kwamba kontena ni sawa na kompyuta nyingine kabisa wanakudanganya, au hawajui.

Halafu kuna mgeni asiyejua kuwa yu mgeni. Java ilikuwa hivyo kwa miaka. Ukiiwasha bila kuielekeza, Java hutazama kumbukumbu ya mashine na kujiruhusu kutumia hadi robo yake. Tuseme mashine ina gigabaiti 16, nawe umeliwekea kontena mpaka wa gigabaiti 1. Java ya zamani haikuuona mpaka huo. Ilitazama nyumba nzima, ikahesabu 16, ikajiambia robo ni 4, ikaanza kula. Ilipofika 1, kiini cha Linux kikaiua palepale, bila kuaga, bila ujumbe wa maana. Ni kama msafiri aliyepanga kitanda kimoja nyumba ya wageni, akaingia jikoni na kujipakulia chakula cha wageni wote. Mafundi walikesha wakitafuta kosa kwenye programu, na kosa halikuwa kwenye programu. Lilirekebishwa katika Java toleo la 10, Machi 2018, na Oktoba mwaka huo rekebisho likarudishwa kwenye toleo la 8. Kwa hiyo ukiona leo mtu anaendesha Java ya 8 ya kabla ya hapo ndani ya kontena, mwulize usiku analalaje.

Jingine ni dogo kwa kulitazama, nalo ndilo linaloniudhi zaidi. Imeji nyingi zinazotolewa ulimwenguni huja na saa ya kimataifa, ile ya Greenwich. Sisi tuko saa tatu mbele yake. Mama akijifungua saa saba usiku, muuguzi akaandika papo hapo kwenye mfumo ambao fundi alisahau kuusahihisha saa, kontena litaandika saa nne usiku. Saa nne usiku ya lini? Ya jana yake! Mtoto amezaliwa leo, kompyuta inasema jana. Tarehe hiyo itamfuata kwenye kadi ya kliniki, kwenye cheti, shuleni. Kurekebisha ni mstari mmoja tu katika maelekezo. Mstari mmoja, ndugu msikilizaji. Na haukuandikwa kwa sababu aliyefunga kontena hakuwa anafikiria mtu anayejifungua Itigi.

Kijana mmoja wa hapa njia panda, anasoma chuo mambo hayohayo ya kompyuta, alikuja nyumbani likizo. Baada ya shikamoo akaniuliza, "Mzee, haya makontena unayoyasifu unayapakua kwa bando la nani?"

Nikamwambia, "Kijana wangu, hapo ndipo penyewe."

Imeji rasmi ya Python, ile kamili, ikishafunguliwa inafika karibu gigabaiti 1. Kwa mtu wa mjini mwenye waya wa nyuzi za kioo ofisini, hiyo ni dakika ya kupiga mwayo. Kwa mtu anayenunua intaneti kwa vocha, hiyo ni pesa ya mboga. Bado hajaanza kazi, ameleta cherehani tu! Tena ipo imeji iliyopunguzwa ya Python hiyohiyo, isiyofika megabaiti 200, inayotosha kwa kazi nyingi za chama cha ushirika. Zipo pia zilizojengwa juu ya mfumo mdogo kabisa uitwao Alpine, ambao wenyewe peke yake hauzidi megabaiti 10. Lakini Alpine ina wivu wake: maktaba ya msingi iliyomo si ile ya kawaida ya Linux, na baadhi ya vipande vya Python vilivyoandaliwa kwa ile ya kawaida havikubali kukaa humo mpaka uvijenge upya. Unaokoa bando, unapoteza siku mbili.

Pia waliokuwa wakipakua bila kujiandikisha kwenye ghala kuu la Docker walikutana na kizuizi kuanzia Novemba 2020: mara 100 tu kwa kila saa sita, kwa kila anwani ya intaneti. Mara 100 ni nyingi kwa mtu mmoja. Lakini kwa wateja wa simu, watu wengi hutoka nje kwa anwani moja bila kujuana. Yupo mtu aliyezuiwa hajapakua hata kitu kimoja, kwa sababu jirani zake asiowajua walikwisha kuzimaliza zote.

Nikamwonyesha kijana njia ya kistaarabu. Imeji si lazima ipite hewani kila mara. Ipo amri ya kuihifadhi kama faili moja la kawaida, na ipo amri nyingine ya kulipakia faili hilo kwenye mashine nyingine. Pakua mara moja Singida mjini penye mtandao mzuri, weka kwenye flashi, panda basi. Flashi hiyohiyo itahudumia Mkiwa, Issuna na Itigi. Tena imeji zimejengwa kwa matabaka kama kitunguu; ukibadilisha programu yako tu, tabaka la juu ndilo linalobadilika, na mashine iliyokwisha kuwa na matabaka ya chini hupakua la juu peke yake. Ila fundi mvivu huweka kila kitu tabaka moja, na kila badiliko la herufi tatu linakuwa mzigo wa lori zima.

Nije sasa kwenye yale yaliyonifanya nichukue kipaza sauti leo.

Kontena la programu ni kitu cha kutupwa. Usishtuke. Ndivyo lilivyokusudiwa. Likiharibika halifanyiwi matengenezo. Linatupwa, linawashwa jipya kutoka imeji ileile. Uzuri wake wote umo humo. Lakini kama kumbukumbu za wagonjwa au hesabu za wakulima ziliandikwa ndani ya kontena lenyewe, siku linapotupwa zinakwenda nalo. Hakuna dampo la kwenda kufukua. Kumbukumbu zinapaswa kukaa nje ya kontena, kwenye ghala lake, na kontena lipewe mlango tu wa kulifikia ghala hilo. Kila kitabu cha Docker kinasema hivyo. Lakini aliyekuja kukuwekea mfumo, je, alifanya hivyo? Umemwuliza? Au ulipoona kioo kimewaka ulimshika mkono na kumlipa?

Na hapo ndipo ninapogombana na mafundi wetu. Wapo wanaokuja na imeji iliyofungwa tayari, wanaiwasha, inafanya kazi, wanachukua hundi na kwenda. Ukiwauliza ndani mna nini, wanajibu, "Mzee, hiyo ni kontena, huna haja ya kujua." Eti sina haja! Dereva wa lori lile la Rusumo naye hajui kila kilichomo, lakini hakuna mzigo unaotoka bandarini bila orodha yake. Kontena la programu nalo lina orodha. Ni faili fupi la maandishi, mara nyingi halizidi nusu ukurasa. Linasema: anza na Python toleo fulani, leta maktaba hizi, za matoleo haya, nakili programu hapa, weka saa ya Afrika Mashariki, washa kwa amri hii. Mtu mwenye faili hilo na programu yenyewe anaweza kulijenga kontena upya hata fundi akihamia ng'ambo. Asiye nalo ana boksi lenye lakiri, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu mwingine.

Hata orodha yenyewe yaweza kuwa ya uongo. Wapo wanaoandika, badala ya namba ya toleo, neno moja lenye maana ya "la karibuni kabisa". La karibuni kabisa la lini? Ukijenga leo unapata moja, ukijenga mwakani unapata jingine, na tumesharudi kwenye madumu 9.4.

Mnataka ushahidi kwamba orodha ina thamani? Desemba 2021, tarehe 9, ilitangazwa habari ya tundu kubwa katika maktaba moja ya Java iitwayo Log4j, kazi yake kuandika kumbukumbu za matukio ya programu. Tundu hilo lilipewa alama 10 kati ya 10 za hatari: mtu wa mbali aliweza kutuma maneno machache tu, na mashine ikatii amri zake. Maktaba hiyo ilikuwa imo katika programu zisizohesabika, nyingi ndani ya makontena yaliyofungwa miaka iliyopita. Siku zile duniani kote mafundi waligawanyika makundi mawili. Waliokuwa na orodha walisoma, wakaona kama wanayo au hawanayo, wakajenga upya, wakaendelea. Wasiokuwa nayo walikaa wakifungua boksi moja baada ya jingine kama askari wa forodha aliyepata fununu. Na wapo ambao hawakufungua kabisa. Programu ilikuwa inafanya kazi, sivyo?

Kontena si friji, wala si chumvi. Halizuii kuoza. Unaweza leo kuiendesha Python ya toleo la 2 ndani ya kontena, na programu ya madumu ikajibu 9 kama zamani. Imeji zake bado zipo. Lakini toleo la mwisho kabisa, 2.7.18, lilitolewa Aprili 2020, na waliolitengeneza hawalizibi matundu tena. Kwa kompyuta ya chama isiyounganishwa na intaneti, mimi nasema, iendeshwe hivyo hivyo kwa sasa, ni bora kuliko hesabu mbovu. Kwa mfumo unaofikiwa na kila mtu mtandaoni, usithubutu.

Basi ndugu mwenyekiti, ndugu katibu, dada mweka hazina, mganga mfawidhi: mnaponunua programu, iandikeni kwenye mkataba kwamba mnakabidhiwa vitu vitatu kwenye flashi mbili, moja ikae ofisini na nyingine nyumbani kwa mtu mwingine. Programu yenyewe, imeji iliyohifadhiwa, na lile faili la orodha lenye namba za matoleo. Kisha, kabla ya kutoa fungu la mwisho la pesa, azimeni kompyuta nyingine, ile isiyowahi kuiona programu hiyo, mradi iwe na Linux na chombo cha kuendesha makontena. Zimeni intaneti. Fundi akae nje chini ya mwembe, asiseme neno. Katibu aketi mwenyewe na flashi, aiwashe kwa kufuata karatasi, atazame saa ya kompyuta kama inalingana na ya mkononi mwake, aingize lita 47 na madumu ya lita 5. Halafu alitupe kontena hilo, aliwashe jipya, atazame kama lita 47 bado zimo.

Ikijibu madumu 9, na kumbukumbu zipo, mwiteni fundi ndani, mpeni haki yake na chai. Ikijibu 9.4, mwacheni kwanza hukohuko chini ya mwembe.